Mshale Chini ya Ziro

Niliacha shule darasa la sita, huko Murera, na leo mashine nyingi za redio kati ya Ruiru na Thika zimepita mkononi mwangu. Nalisema hili kwanza, mtu asije akadhani nasimulia nikilia.

Transmita ya kanisa letu pale Makongeni, mtambo wa kurushia matangazo ya redio, niliiunda mwenyewe. Wati mia tatu. Wazee walipotaka ihakikishwe, walileta injinia mwenye mita ya kupima nguvu ya redio. Akapima, akaiambia kamati nzima, "Hii ni mia mbili na arobaini. Kwani mlimuuliza huyu fundi alisoma mpaka wapi?"

Walicheka. Hata mzee aliyenibatizia watoto alicheka. Kazi ya kutunza mashine niliyoizaa mimi akapewa injinia huyo, na mke wangu aliisikia habari hiyo sokoni kabla sijafika nyumbani.

Nilitafuta mita kuukuu ya mshale kama yake, nikaiweka mezani katika karakana yangu huko Kamakis, nikajifundisha. Ukiiwasha, unaiacha ipate joto nusu saa. Ukiharakisha, mshale unatangatanga. Halafu unaiweka ziro, bila nguvu yoyote kuingia. Halafu kichwa chake, kile kidude kinachoonja nguvu, unakichomeka kwenye tundu la mita yenyewe linalotoa kipimo kimoja kisichobadilika, unazungusha kifundo polepole mpaka mshale ukae pale pale panapotakiwa. Hapo imesawazishwa. Nilirudia wiki baada ya wiki, mpaka nikaweza hata nimefumba macho.

Ni katika kurudia huko nilipomkamata injinia. Siku ile ya kwanza alisawazisha vizuri, nilimwona kwa macho yangu. Lakini alipounganisha kichwa na transmita, mshale uliinuka kidogo, kwa sababu mashine haikuwa imezimwa. Ilikuwa imeshushwa nguvu tu, bado inatoa wati sitini. Yeye akadhani mita imepotoka, akabonyeza ziro tena. Sitini zangu akazizika hapo hapo.

Ningeweza kumpigia simu, tumalizane kando kama wanaume. Sikutaka. Nilitaka kamati ile ile, viti vile vile. Nilingoja ukaguzi wa mwaka uliofuata, nikaingia na wengine, nikakaa nyuma kabisa, nimevaa suti.

Akafanya vile vile. Mshale ukainuka, akabonyeza ziro bila hata kufikiri. Akapandisha mashine. "Mia mbili na arobaini," akasema. "Kama mwaka jana."

Nikasimama. "Injinia, naomba kugusa swichi moja tu."

"Fundi, usituharibie mitambo."

"Mitambo gani, na niliizaa mimi?" Nikaenda nikaizima transmita kabisa. Feni zikanyamaza.

Mshale ulishuka, ukapita ziro, ukagonga kijiti kinachouzuia chini na kubaki hapo.

"Mashine imezimwa," nikasema. "Injinia, tusomee hiyo."

Akagonga kioo kwa kidole. Akagonga tena.

"Tusomee, tafadhali. Wewe ndiye uliyesoma."

Alikuwepo shosho mmoja wa kamati, bibi mzee muuza viazi, ambaye mwaka uliotangulia alicheka kuliko wote. Akainama, akautazama ule mshale. "Ngai! Kwani uliweka mizani ziro gunia likiwa juu yake?"

"Ndivyo, shosho. Gunia la wati sitini."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Nilimfanya injinia aanze upya: mashine imezimwa kabisa, mita iwekwe ziro, kisha aipandishe mbele yao. Mia tatu. Nikamwambia aseme kwa sauti, wale wa nyuma hawajasikia. Akasema. Nikamwambia tena. Mchungaji akanishika mkono: "Inatosha, ndugu yangu." Kwangu haikuwa imetosha.

Kazi yangu nilirudishiwa siku hiyo hiyo. Na kwa sababu habari ilisambaa, wenye minara ya redio sasa hawakubali vipimo vyake mpaka mita yake ipite kwangu kusawazishwa. Huileta mwenyewe asubuhi. Naipokea, naiwasha, namwonyesha benchi la nje, juani.

"Nusu saa, injinia. Lazima ipate joto."

Nusu saa inatosha, anajua na mimi najua. Mimi humweka hapo mpaka saa nane mchana, nikiwa ndani nakunywa chai, mlango wazi, ili anione.