Nilitaja Sumu, Mengine Nikayameza

Mume wangu aliacha kugusa chakula cha mke mwenzangu, na aliyemfikisha huko ni mimi. Nilimwambia binti yao anataka kumpa sumu. Nimekosa!

Tunaishi kijijini Gorong'a, wake wawili boma moja. Mzee alitokewa na doa jeusi chini ya unyayo. Tulidhani mwiba. Hospitali wakakata kipande, wakapima: melanoma, saratani ya ngozi. Aende Mwanza haraka akafanyiwe upasuaji.

Binti wa mwenzangu, nimwite Rhobi, anasomea mambo ya maabara chuoni. Alipokuja likizo, mzee hakuniona tena. Mimi niliyeukanda mguu ule! Kila kitu "muulizeni Rhobi". Wivu ulinichoma jamani!

Jioni moja alitueleza masomo yake.

"Kuna mimea yenye sumu, kama mbegu za mnyonyo. Watafiti wanaiunganisha sumu hiyo na kingamwili, yaani askari wa mwili anayemtambua adui. Askari anaibeba hadi kwenye seli ya saratani, inakufa hiyo tu. Zilizo nzima zinasalimika."

"Si unipe hiyo!" mzee akacheka.

"Tata, baba yangu, bado wanaijaribu. Usiisubiri. Wewe nenda Mwanza."

Nilisikia kila neno. Lakini kesho yake mzee alipokuja kula kwangu, nilibakiza moja tu.

"Baba Chacha, hukusikia sumu ya mnyonyo? Huko Mwanza ndiko Rhobi na mama yake wanakotaka ukajaribiwe. Ng'ombe wote hawa watabaki na nani?"

"Mama Chacha, unajua unachosema?"

"Mimi sijasoma. Nimesikia tu."

Jioni ile ugali wa mwenzangu ulirudi kama ulivyokwenda. Mwanza hakwenda. Akawa anakula kwangu tu, na mimi nikafurahi. Mungu wangu, nilifurahi!

Sasa doa limekuwa kidonda, na kinenani kumeota uvimbe. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikasema ukweli mbele ya mwenzangu. Mzee aliliangalia bakuli la uji nililomwekea, akalisukuma.

"Kumbe wa kuniua alikuwa ananipikia."

Dada zangu, wivu ukikukaba, funga mdomo! Usichukue nusu ya maneno ya mtu ukaigeuza kisu.

Rhobi amerudi na gari la kumpeleka Mwanza. Liko uani tangu asubuhi. Mzee amekaa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hajasema kama anakwenda.