Mkate wa Marehemu

Mgahawa wenyewe huuoni kama hujaonyeshwa. Uko chini ya ghorofa la zamani, ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea mjini, umebanwa kati ya duka la miwani na fundi wa saa. Mwenyewe ni mama mmoja kutoka Georgia, ile nchi ya milima iliyo jirani na Urusi. Kiswahili amekiokota Kariakoo, anakonunua bilinganya na giligilani, kwa hiyo anajua kuomba apunguziwe bei kuliko anavyojua kusalimia. Bakuli zake zote zimetoka kwenye duka la vyombo la baba yangu, na ndiyo maana baba alikubali kwenda.

Nilimpeleka Jumapili, baada ya ibada, na nilikuwa na shida yangu. Tangu tumzike mama kwenye migomba ya kwetu Kilimanjaro, baba hakuwa amemtaja. Hakulia kaburini, wala hakulia tuliporudi Magomeni. Wenzake kanisani walimsifu, eti mzee ana imani. Imani gani? Mtu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, sahani anaisukuma kama ilivyoletwa. Niliogopa nitamzika na yeye. Nikajiambia labda akikaa mahali ambapo mama hakuwahi kukaa, atafungua mdomo.

"Shikamoo, baba," mama yule akatupokea.

"Marahaba. Zile bakuli bado nzima?"

"Nzima. Lakini uliniuzia ghali."

Baba akacheka kidogo. Tukaletewa mkate wa moto uliojaa jibini, kisha vifuko vya unga vilivyochemshwa, ndani vina nyama na supu. Kile kifuko unakishika kwenye kikonyo, unauma kidogo, unafyonza supu kwanza. Baba akakikata chake kwa kisu, supu yote ikamwagika.

"Chakula gani hiki cha kufundishwa?" akanung'unika.

Kwao hawanywi kimya kimya. Kila wakiinua glasi, mtu anasema wanainua kwa ajili ya nini: amani, wageni, wazazi. Mama yule alikaa nasi akatuongoza. Baba aliinua divai yake kwa adabu bila kuionja, maana divai kwake ni ya kanisani tu.

"Sasa tunainua kwa waliotangulia," mama yule akasema. "Hii hatugonganishi glasi. Baba, wewe nani wako ametangulia?"

Nikaangalia kitambaa cha meza. Nilikuwa karibu kujibu mimi.

"Mke wangu," baba akasema.

Mama yule hakusema pole. Alimega kipande cha mkate mkavu, akakiweka kwenye sahani ndogo, akakimiminia divai taratibu mpaka kikawa chekundu. Akakisogeza mbele ya baba, akaenda jikoni.

Baba ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, na maisha yake yote amehudumu kwenye meza ya Bwana. Akavua kofia. Akafumba macho, midomo ikacheza, kisha akautia ule mkate mdomoni. Hata mimi niliona ni sawa kabisa. Mkate na divai, nani kwetu angefikiria kitu kingine?

Mama yule akarudi na chai, akaiona sahani tupu.

"Baba, ule haukuwa wako. Ulikuwa wa mke wako. Tunamwachia pale, hauliwi."

Baba akaacha kutafuna. Hakumeza wala hakutema. Akanigeukia mimi.

"Nimekula na hiki."

Nikaelewa upesi kuliko nilivyopenda. Siku ya maziko baba mdogo alileta mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ammwagie shemeji yake kidogo kaburini kama walivyofanyiwa wazee wetu. Mama mwenyewe ndiye aliyeiomba, akiwa kitandani, kwa kasauti kalikobaki. Baba akazuia mbele ya mchungaji. Akasema nyumba yake haifanyi mambo ya giza, na mbege ikarudishwa ilikotoka.

"Aliniomba kitu kimoja, nikamnyima," baba akasema. "Leo kapewa chake na mtu baki, nimekila mimi."

Hapo ndipo alipolia, mkate bado mdomoni, mabega yakimruka. Watu wa meza ya pili wakaweka vijiko chini. Nilikuwa nimekitamani kilio kile kwa wiki nyingi, na kilipokuja nilitamani kinyamaze. Kilinichoma.

Mama yule akaleta kipande kingine, akamsogezea na chupa. "Mimina mwenyewe, baba."

Akamimina, divai nyingi ikaishia mezani. Safari hii hakufumba macho.

"Pokea, mama watoto," akasema. "Nimechelewa."

Kisha akakaa akiutazama ule mkate, hadi ukalowa wote, na hakuna aliyekuja kuuchukua.