Siku Niliyokwenda Kula Viazi kwa Mwanamume Mwingine

Mume wangu aliteleza bafuni siku za vuli akavunjika mguu, juu kidogo ya kifundo. Akatiwa plasta. Plasta ikatolewa, mguu ukapigwa picha, daktari akasema mfupa umeunga sawasawa, mzee sasa atembee. Mzee hakutembea.

Alikaa. Tulimwekea kiti cha plastiki barazani, akakaa kama liwali, bakora mapajani, anaitikia salamu za wapita njia. Akitaka kwenda msalani, mimi namshika kwapa hili, mjukuu kwapa lile, naye ananing'inia katikati kama nguo mbichi kwenye kamba. Mguu wenyewe ulikuwa mzima. Aliingiwa na woga wa sakafu, basi.

Daktari aliniita pembeni. "Mama, mzee asipotembea sasa, miguu itakauka. Akishazoea kitanda, hainuki tena." Sikuhitaji kufafanuliwa. Mama mkwe wangu nilimuuguza mimi kwa mikono yangu hii, najua godoro linavyoula mgongo wa mtu. Nilikuwa naamka nikimtazama mume wangu alivyolala, namwona mamake. Mengine yote nyumbani humu yalikuwa kelele tu, hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Walikuja watoto wetu wa kiume kutoka Changamwe wakamhutubia. Akasema, "Inshallah, kesho." Akaja imamu, naye akapewa kesho hiyo hiyo. Mimi nilimbembeleza, nikamtukana, mwisho nikamnyima sukari kwenye chai. Aliinywa hivyo hivyo, kavu, akanishukuru. Nilitamani kumrushia birika.

Sasa, tunaishi hapa Mjambere na mjukuu wetu, binti wa binti yangu mkubwa. Kwa desturi zetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hivyo mimi na yeye ni wake wenza, na matusi baina yetu hayaandikwi dhambi. Yeye huniita mke mkubwa. Akiniudhi, namwambia mzee ampe talaka, na mzee hujibu kuwa atamwacha yule atakayechelewesha chai.

Mjukuu huyu ameposwa, na siku moja ya mwezi wa Shaaban akaingia na keki ya rangi ya waridi, imeandikwa kwa sukari: mwaka mmoja.

"Mwaka mmoja wa nini, na ndoa bado?" nikauliza.

"Tangu tuanze kupendana, bibi. Siku hizi watu husherehekea."

"Subhanallah! Na siku mlipoanza kusalimiana mlichinja ng'ombe?"

Alicheka, akamkatia babu yake kipande, akakaa miguuni pake. "Haya, bwanangu, na wewe na huyu mke mwenzangu mlianza kupendana lini?"

Tulijibu pamoja. Mimi nikasema, "Siku ya ukoko." Yeye akasema, "Siku ya punda."

Tukatazamana. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja na hatujapata kulizungumza hilo.

Siku ya ukoko ilikuwa harusi hapa hapa Mjambere, mwezi kama huo wa Shaaban, watu wakikimbilia kuoa kabla ya mfungo. Wanawali tulikuwa uani tunakuna nazi tangu alfajiri, nywele zimejaa machicha. Vijana wa kiume ndio waliokuwa wakibeba kuni na kushusha masufuria. Mmoja wao, mrefu, masikio yametoka nje kama vishikio vya sufuria, alinipitia karibu akaniangushia mapajani kifurushi cha jani la mgomba bila kunitazama. Ndani ulikuwa ukoko wa wali wa nazi, wa rangi ya dhahabu, bado una moto. Na ukoko wa harusi hapewi mtu yeyote tu, wazee huugombania. Niliula wote na sikumgawia jirani. Mimi kwangu mapenzi yalianza hapo.

Yeye anahesabu siku ya punda. Baada ya harusi ile alikuwa anapita kwetu kila jioni, na siku baba alipomkuta mlangoni akamuuliza ataka nini, alishikwa na kigugumizi akasema amepotelewa na punda. Hakuwa na punda. Kwao hakukuwa na punda tangu babu yake. Lakini baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa huruma. Akachukua fimbo na kamba, akamwambia, "Twende, mwanangu, hatolala nje huyo." Wakamtafuta hadi Mwakirunge. Njiani baba akauliza punda wa rangi gani. Mweupe. Mbele kidogo akauliza tena, maana yeye msahaulifu. Wa kahawia. Walirudi usiku wamechoka, mavumbi mpaka kwenye kope, na mimi nikawapelekea maji. Alipokipokea kikombe, ati, ndipo nilipompenda.

"Hapo nilikuonea huruma," nilimwambia. "Kupenda nilishapenda."

"Siku ya ukoko hukunijua hata jina. Na mimi nililetewa habari kwamba siku hiyo ulikula na halwa ya watu."

Mjukuu akaruka. "Halwa ya nani?"

Ya fundi cherehani. Naye alikuwapo harusini, kijana mweupe mweupe, mpole, akanitumia kipande cha halwa kwa mkono wa mtoto. Mpaka leo yuko, mjane, ana duka la kushona kanzu kando ya pale ilipokuwa nyumba ya harusi, ambapo sasa pamejengwa ghorofa. Mume wangu hajawahi kushona kanzu kwake. Huzipeleka mjini, ng'ambo ya daraja, akisema kanzu za yule mikono yake haiko sawa.

Basi nikamwona mzee anavyolitamka lile neno, halwa, pua zimemtanuka. Shetani akaninong'oneza, na mara nyingine shetani ana akili.

"Vyema," nikasema. "Siku yetu ni hii ya Shaaban. Nakwenda kuisherehekea pale pale ilipoanzia. Nitakula viazi vya karai. Kama wewe huwezi kuja, nitakula na yule aliyepo."

"Kula na nani?"

"Na fundi."

"Huthubutu."

Niliingia ndani nikaoga. Nikavaa dera langu la kijani, nikajifukiza udi mpaka mjukuu akakohoa, nikatia wanja, nikachomeka asumini kwenye nywele zangu tano zilizobaki. Buibui juu, lakini nikaliacha wazi kidogo mbele ili lile dera lipumue. Jikoni nikamwambia mke mwenzangu, "Usimshike mkono. Usimpe kitu. Simu yako iwe na chaji." Kisha nikapita barazani polepole, mbele ya kiti chake, kama jahazi la bibi harusi.

"Wenda wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Kwenye viazi."

"Na nani atanipeleka msalani?"

"Mke mdogo mwenye keki."

Fundi alikuwa kibarazani pa duka lake anapiga cherehani. Ndevu amezitia hina, mdomoni ana meno mapya meupe kama vigae. Nikamwamkia.

"Masalkheri, bwana fundi."

"Masalkheri mno, bibi. Leo mwezi umeandama mchana?"

"Nimekuja kula viazi kwako. Mume wangu amekataa kutembea."

Akaacha cherehani. Aliniangalia usoni, akaangalia asumini, akaangalia njia niliyotokea. Watu wa rika letu hatuelezani mengi.

"Basi kaa hapa mbele," akasema, "watu wakuone vizuri. Lakini niambie, na akija na bakora?"

"Akija na bakora, bwana fundi, mimi nimepata."

"Na mie nimepatikana."

Alivuka barabara mwenyewe kununua viazi kwa mama wa karai, vyekundu vya moto, na ukwaju wenye pilipili kwenye kibakuli. Tukala. Kila mwanamke aliyepita alinisalimia mara mbili, ya kwanza kwa adabu, ya pili ili ahakikishe ni mimi. Nilijua kabla ya alasiri habari itakuwa imeshafika Kisauni yote.

Simu ikalia. "Mke mkubwa," mjukuu ananong'ona, "ameitisha kofia."

"Ulimpa?"

"Ilikuwa juu ya goti lake."

Nikala kiazi kingine. Simu tena. "Ataka viatu."

"Viko chini ya kitanda. Avifuate."

"Bibi, anatukana!"

"Mwache atukane. Mtu anayetukana ana pumzi."

Kisha simu ikanyamaza. Fundi alikuwa ananisimulia habari za bei ya vitambaa na mimi sisikii kitu. Nilianza kumwona mzee wangu amelala kifudifudi kizingitini, mguu wa pili umevunjika, na watoto wangu wakiniuliza nilikuwa wapi. Ningewajibu nini? Nilikuwa nakula viazi na mwanamume? Nikakiweka chini kile kiazi, fundi akanipa maji. "Subira, bibi," akasema taratibu. "Mie namjua. Siku ile ya harusi alibeba sufuria peke yake, la watu wanne, kwa kuwa aliniona nimesimama karibu na uani."

Ndipo ikaja tuktuk, inayumba kwenye mashimo. Ndani, kofia imekaa upande, jasho linamtiririka, bakora ameishika kama mkuki: mume wangu. Miguuni alikuwa amevaa ndara zangu za waridi. Vile vya chini ya kitanda vilimshinda kuinamia, akachukua vilivyokuwa mlangoni.

Nataka muelewe, tuktuk haiingii kwenye kichochoro chetu. Mtu akitaka tuktuk shuti aifuate barabarani.

"Bwana fundi," akasema kutoka humo ndani.

"Naam, bwana."

"Huyu ni mke wa mtu."

"Najua. Ila nilisikia mtu mwenyewe hatembei."

"Nani kasema?"

"Mkewe."

Akatoa mguu mmoja nje. Akashika nguzo ya tuktuk, akatoa wa pili. Akasimama. Magoti yalikuwa yanamtetemeka kama ya mwanambuzi aliyezaliwa sasa hivi. Mikono yangu ilitaka kumkimbilia, nikaikalia. Wallahi niliikalia. Alipiga hatua, akapiga nyingine, akatia bakora mchangani, akafika mpaka kwenye meza ya fundi akaishika.

"Halwa yako," akamwambia, akihema, "haikuliwa."

"Ililiwa," nikasema. "Yote. Halafu nikala ukoko, nikauona mtamu zaidi."

Fundi alicheka mpaka meno yakamcheza, akayashika kwa kidole. Mzee wangu alijitahidi kununa, akashindwa. Akakaa kwenye benchi, akavuta kibakuli cha ukwaju upande wake, akavimaliza vile viazi bila kukaribishwa.

Alipokuwa anakula nilimfuata dereva wa tuktuk. "Nenda zako salama, mwanangu."

"Na mzee?"

"Mzee atatembea."

Alipogundua, hiyo tuktuk ilikuwa imeshapinda kona. Alinitazama kwa jicho ambalo nilikuwa sijaliona tangu ujana. "We mwanamke," akasema, "utaniua."

"Ndiyo, lakini hutofia kitandani."

Tulirudi kwa miguu. Njia ambayo mimi huimaliza kabla maharage hayajachemka ilituchukua mpaka jua likalegea. Tulipumzika kila penye kivuli. Palipokuwa na rundo la mawe ya ujenzi tulikaa juu yake, akayapapasa. "Haya ni ya Mwakirunge," akasema. "Nilikotafuta punda na babako." Akacheka peke yake. "Aliniambia njiani: mwanangu, punda huyu akipatikana, umtie jina la binti yangu, naye pia hakamatiki."

"Baba alijua?"

"Tangu rangi ya pili."

Hilo sikupata kuambiwa. Amelikalia hilo muda wote huu, mtu mbaya kabisa!

Penye ukuta wa msikiti tulipumzika tena, akanikumbusha kivuko cha Likoni. Tulipooana hatukuwa na chumba cha maana. Nyumba ya kwao ilijaa mashemeji, ukikohoa unaulizwa kulikoni. Kwa hivyo jioni tulikwenda Likoni tukapanda feri, tukavuka, hatukushuka mbali, tukapanda tena, tukavuka. Katikati ya umati hakuna anayekutazama, alinishika mkono chini ya leso. Mfanyakazi mmoja wa pale akatushtukia. "Nyinyi," akasema, "mmesahau nini ng'ambo?" Mume wangu akamjibu, "Punda."

Tulifika nyumbani nimemshika kiwiko, au yeye amenishika mimi, sijui. Mke mwenzangu alikuwa mlangoni analia na kucheka pamoja. Alituambia jinsi babu alivyomwita mara saba akampe mkono, naye akajifungia jikoni, akaziba masikio. Nilimwambia talaka yake imefutwa.

Usiku ule mzee alilalamika mguu, mgongo, kiuno na mimi. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi, sikumuuliza kama kesho atatembea, maana niliogopa jibu. Nilidhani kesho itakuwa ile kesho yake ya siku zote.

Asubuhi nilitoka barazani na chai nikakuta kiti kitupu. Bakora hakuna. Nikatoka hivyo hivyo na leso moja, nikamkuta njiani, ameegemea ukuta wa jirani, anapumua.

"Wenda wapi wewe?"

"Kwa fundi."

"Kufanya nini?"

"Kumtazama. Yule si mtu wa kuaminiwa."

Na tangu hapo ndiyo kazi yake. Kila siku anakwenda kumlinda yule mwanaume asinisogelee. Anamlinda kwa karata, kwa kahawa, kwa kubishana nani alishusha sufuria lipi. Ameshonewa hata kanzu ya Idi, na anasema mikono iko sawa. Mimi nimebaki nyumbani na mke mwenzangu kama wajane wawili. Jana alirudi magharibi imeshaadhiniwa, mchanga umemjaa miguuni, akakaa, akaniuliza chakula kiko wapi.

"Jikoni," nikamwambia. Sikuinuka.

Alinitazama kidogo. Kisha akaenda akajipakulia.