Mwezi Wetu Hulala Chali

Siku ya kwanza nilipopanda jiwe la Ilemela kufundisha maimamu kuutafuta mwezi, nusu yao walinipa mgongo. Hawakuwa wakorofi. Mwenyekiti wa kamati ya mwezi aliwaamuru waje, wakaona kufika kwenyewe kunatosha. Nami nilikuwa mwalimu wa jiografia, nimezoea kidato cha tatu saa nane ya mchana, kwa hiyo migongo hainitishi. Nikawaambia, "Haya, mmegeukia mashariki. Mwezi mchanga mtauona wapi huko?" Mmoja mmoja wakageuka.

Mwenyekiti alinichukua kwa sababu mwaka uliotangulia mji uligawanyika, msikiti mmoja unaswali Idi na wa jirani bado umefunga. Alikuwa mzee wa sauti ya taratibu. "Mwalimu," aliniambia, "wewe wafundishe macho tu. Sheria tuachie sisi." Sheria ya kamati yetu ilikuwa kwamba shahidi wa mwezi ni mwanamume. Wapo wanazuoni wanaosema vingine, lakini hawakuwa kwenye kamati. Kwa hiyo ningeweza kufundisha wanaume wa mkoa mzima, ila nikiuona mimi, neno langu haliandikwi. Liliniuma, na nilimwambia. Akasema ameelewa, tukaendelea na kazi.

Kutoka Ilemela nilipelekwa Nyegezi, kisha Kisesa, njia ya Bujora. Kote nilifundisha yaleyale. Hilali ni ule mwezi mchanga, uzi tu wa mwanga. Mwinuko ni urefu wake juu ya upeo wa macho, nasi tuliupima kwa kunyoosha mkono na kuhesabu vidole. Usikodoe macho jua likiwa bado linazama, utaona madoa yako mwenyewe. Wadudu wa ziwani wakipanda juu ya maji kama moshi, subiri wapite. Ninyi vijana simu inawaonyesha mwezi ulipo, sawa, lakini simu haiapi mbele ya kamati.

Somo kubwa lilikuwa pembe, zile ncha mbili za hilali. Ule mwezi uliosimama wima juu ya minara yetu ni mchoro wa nchi za mbali. Huku kwetu karibu na Ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama bakuli la uji. Pembe zake hulipa jua kisogo, na jua likishatua liko chini, basi pembe zinatazama juu. Mtu anayetamani mno kuuona hukuchorea ule wa mnarani. Imamu wa Nyegezi, mzee kuliko wote, alinibishia kuliko wote. "Mwalimu, mimi nimeuona mwezi kabla hujazaliwa."

"Shikamoo, mzee wangu. Ulikuwa umelala au umesimama?"

"Marahaba," akasema. "Nitautazama."

Ikaja jioni ya Ramadhani ishirini na tisa: mwezi ukionekana kesho ni Idi, usipoonekana tunafunga ya thelathini. Wingu lilitanda ziwa zima. Maimamu wangu hawakuona kitu. Tukakutana msikitini, wao ndani na kamati, mimi mlangoni. Akaingia mfanyabiashara wa mabondo, vile vibofu vya sangara vinavyouzwa ghali ng'ambo, mtu mwenye heshima zake, aliyeununulia msikiti ule zulia jipya. Akaapa kwamba ameuona mwezi kutoka roshani ya nyumba yake. Mwenyekiti akashukuru, akachukua simu atangaze Idi.

Nikasema, "Mwulizeni pembe kwanza."

"Mwalimu, tulia. Tumeshapokea ushahidi."

"Ukitangaza, mji mzima utakula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya zulia."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Ukiongeza neno, kazi yako imeishia hapo mlangoni."

"Basi imeishia. Mwulizeni pembe."

Wanafunzi wangu wote wakainamisha vichwa. Watu niliowapandisha majiwe, wanaojua jibu, wananyamaza! Nilikasirika. Ndipo imamu wa Nyegezi akakohoa. "Samahani, mwenyekiti. Bwana, huo mwezi pembe zilielekea wapi?" Yule bwana akainua mkono, akauchora hewani umesimama wima. Sidhani alidanganya, nadhani alitamani tu. Mwenyekiti aliutazama ule mkono, kisha akaiweka simu chini. "Kesho tunafunga," akasema.

Na ahadi yake kwangu aliitimiza pia. Baada ya Idi niliambiwa, "Pumzika sasa, mama," na huko ndiko kustaafu kwangu. Sikupewa hata kanga ya kuniaga. Wapo wanaoniuliza kama najuta. Nijutie nini? Watu walikamilisha funga yao.

Juzi imamu wa Nyegezi alikuja nyumbani. Yupo mwenyekiti mpya, wananitaka tena, ila nifundishe nyuma ya pazia, wasikie sauti tu.

"Mwezi unafundishwa kwa kidole," nilimwambia. "Nitasimama mbele yao, na nikiuona mimi, jina langu liandikwe."

"Watakataa, Mwalimu."

"Wakatae."

Alikunywa chai yake hadi mwisho bila kunibishia, naye ni mbishi. Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, inakaribia kwisha. Jioni ya ishirini na tisa nitapanda jiwe kwa miguu yangu hii mibovu, waje wasije. Nikiuona nitasema kwa sauti, mji usikie. Asiyetaka ushahidi wangu azibe masikio.