Benchi Pana la Heladio Matus

Heladio Matus hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkaribisha kiti, atakitikisa kwanza aone kama kinacheza, kisha atakuuliza nyundo iko wapi. Miaka kumi na minane aliendesha mototaksi hapa mjini kwetu La Ventosa, pikipiki ya matairi matatu yenye benchi la abiria nyuma, na hakuna aliyewahi kumwona amejinyoosha juu ya benchi hilo akisubiri mtu, kama wafanyavyo wenzake.

Lakini majira yale ya upepo alizidi. Anakula amesimama. Anaanza kunyoa ndevu, anaacha nusu, anakwenda kukaza nati. Sababu mtaa mzima uliijua: mkewe, Obdulia, alikuwa amekataa kupanda mototaksi yake.

Kila asubuhi mama huyo alitoka uani kwa dada yake Reyna, ambako ndiko liliko tanuri lao la udongo, kikapu cha totopo kichwani, vile vikate vikavu vya mahindi, akashika njia ya kituo cha mabasi kwa miguu. Nusu saa nzima, upepo ukimpiga ubavuni. Na nyuma yake, hatua kumi hivi, Heladio na injini yake ikinguruma polepole.

"Panda, Obdulia."

"Natembea."

"Watu wanatutazama."

"Wacha watazame. Macho ni yao."

Mambo yalianza na benchi. Abiria wetu wengi ni wanawake wa sokoni, na wanawake wa sokoni wa kwetu hawapandi nusunusu. Mwenyewe mpana, sketi ya mahameli imempita mwenyewe kwa upana, na kikapu juu. Dereva mwenye benchi jembamba atakula vumbi. Kwa hiyo madereva wakashindana kuongeza mbao, na aliyewashinda wote ni Heladio: mita moja na sentimita sitini, mbao zimepita matairi kwa zaidi ya shubiri kila upande, na paa la turubai la kufunika yote hayo. Obdulia alipoliona alisema mbele ya madereva kwamba benchi limeota mabawa bila kuota miguu. Heladio akacheka, akawaambia wenzake mke wangu anajua mahindi, chuma niachieni mimi. Wakacheka wote.

Sasa upepo wa kwetu, ule wa kaskazini, si wa kupepea nguo kambani. Unalaza malori ya mizigo barabarani. Siku moja ya Novemba walikuwa wawili tu, Heladio usukanini, Obdulia kule pembeni kabisa ya benchi ili vikapu vyake vipate nafasi. Walipotoka kwenye kinga ya ukuta wa ghala, upepo ukawapokea. Tairi moja likainuka, likakaa hewani kidogo, kisha mototaksi ikalala upande aliokaa Obdulia. Kifundo cha mkono wake wa kulia kikavunjika. Alifungwa plasta hadi Januari, ikatolewa, akarudi kuuza totopo. Heladio akamshukuru Mungu, akajua yamekwisha. Wapi.

"Upepo huo, ndugu zangu," aliwaambia watu kila alipoulizwa na hata asipoulizwa. "Ungemwangusha hata askofu."

Mwishoni mwa Januari alikwenda kwa Ponciano, fundi wa kuchomelea, mzee mwenzake wanayetaniana tangu utoto.

"Nichomelee vyuma chini," alisema, huku akizunguka karakana na kugusa kila kitu. "Kilo themanini, mia, sijui. Upepo usinichezee tena."

"Acha hiyo patasi. Upana wako ngapi?"

"Mita moja na sitini. Nani ananifikia?"

"Hiyo ni ya makalio ya watu. Nimekuuliza ya matairi."

Ponciano akamwaga maji sakafuni, wakaisukuma mototaksi ipite juu yake, na matairi mawili ya nyuma yakaacha mistari miwili ya maji kwenye saruji kavu.

"Pima. Katikati ya mstari huu hadi katikati ya ule. Benchi usilitazame kabisa."

Sentimita tisini na nne. Heladio akapima tena, akasema futi ya Ponciano ni mbovu, akatoa yake. Tisini na nne.

"Haya, panda. Kaa palepale ulipomkalisha mkeo."

Akapanda, akakaa pembeni, makalio yake nje kabisa ya tairi. Ponciano akazunguka upande wa pili, akaweka viganja kwenye nguzo ya paa, akasukuma, tena bila kukunja uso, kama anayefunga mlango mzito. Tairi la upande wake likaachana na sakafu.

"Mimi nina miaka sitini na nne, na nina ngiri," alisema Ponciano. "Upepo hauna ngiri. Kinachokushika chini ni hizo tisini na nne tu, mzee. Hizo nyingine ulizobandika juu ni za kuupa upepo mahali pa kushika."

Akaliachia tairi likatua. Heladio hakushuka. Alikaa pale pembeni ya benchi, mikono mapajani, hata kiatu hakikutikisika, mpaka Ponciano akaingiwa na hofu akamletea maji.

Kazi ilichukua siku tisa. Waliondoa ekseli ya zamani wakaweka ndefu, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi mita moja na ishirini na tano. Benchi likakatwa lisipite matairi, paa likashushwa. Mototaksi ikagoma kuingia uani, maana benchi la zamani lilipita juu ya nguzo fupi za lango lakini ekseli ndefu haikupita kati yake, Heladio akabomoa nguzo moja ya lango lake mwenyewe kabla ya chai. Kijiweni wenzake wakamuuliza kama amenyonyoa kuku. Na Tomasa, mteja wake kwa miaka saba, mama mwenye vikapu vinne, alilitazama benchi, akapita kwa dereva mwingine bila hata salamu. Hayo yote Heladio aliyameza. Alichotaka ni mtu mmoja tu apande.

Asubuhi iliyofuata akamfuata tena Obdulia barabarani.

"Nimepanua matairi. Mita moja na ishirini na tano. Zamani zilikuwa tisini na nne, hebu fikiria. Unapima katikati hadi katikati, siyo..."

"Natembea."

"Lakini nimeshapima, mama."

"Nyie mkishapima kitu mnadhani mmeshakisema."

Usiku huo hakulala. Alfajiri alikwenda mpaka nje ya ua wa Reyna, akasubiri. Obdulia alipotoka, Heladio akazima injini, akashuka, akatembea hadi mbele yake akamzibia njia. Upepo ulikuwa mkali hata ikabidi waongee karibukaribu.

"Haukuwa upepo," alisema. "Ni mimi. Uliniambia, nikakucheka mbele za watu. Nilitaka abiria wengi kuliko wenzangu. Nikakukalisha mahali ambapo chini yake hapakuwa na tairi. Nisamehe, Obdulia."

Obdulia akashusha kikapu kwa mkono wa kushoto, akakiegemeza kiunoni.

"Totopo hizi ni za Reyna," alisema.

"Zipi?"

"Zote. Tangu Januari. Mimi nauza tu. Mkono haushiki unga, Heladio. Nikitaka kubandika totopo ukutani mwa tanuri inaanguka motoni, na vidole vinabaki vimejikunja hivi."

Akamwonyesha. Heladio alivitazama vile vidole. Kwa miaka thelathini na moja vilikuwa vimelisha nyumba yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ungeniambia upepo."

Obdulia akampita, akapanda, akakaa, akapakata kikapu chake.

"Twende basi, gari litaniacha. Na usinianzie mambo ya hospitali. Nimeshakwenda mara mbili, peke yangu, kwa basi."