Jino langu na mafuta ya tantine

Bandugu, leo nimevunjika jino juu ya mafuta ya kupakala!

Ile ya bei kali, tantine mumoja, mama wa biashara, anauzisha pa soko ya Kamalondo.
Mimi nilisimama tu kuuliza kama inafaa kweli.

Bwana mumoja wa kravati pa shingo akasema: "Nipakale kwanza, nione."
Tantine akamupakala mikono yote, mpaka pa kiwiko.

Bwana akanyakua kopo, mbio!

Tantine akamushika mukono, ukateleza. Tantine akamupiga kichwa pa pua, damu!
Mimi nikarukia mukono ingine. Nikateleza, kinywa chini.
Bantu banamutwanga ngumi, lakini hakuna wa kumushika.
Akaponyoka.

Tantine, damu ya mwizi pa kipaji ya uso, akatugeukia:
"Mumeona vile haikauki? Nani anataka?"

Bakaanza kusukumana.
Mimi nimepata kopo ya mwisho. Ninyi mungekataa?