Kasai Iko Upande Gani

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyowapoteza watu katika pori lililoungua, huku nikiwaambia kwa sauti tamu kwamba tumekaribia kufika.

Nakusimulia kwa sababu Jumatatu unaanza mafunzo ya kuongoza watalii, na tangu upewe ile kofia yenye ukingo mpana unatembea hapa uani kama mtu aliyezaliwa na tembo. Vaa kofia yako, sikukatazi. Lakini kaa kwanza.

Mimi nilijifunza kazi hiyo wakati wa hovyo kabisa. Kampuni ya migodi iliyokuwa ikilisha Kolwezi nzima ilikuwa inakufa. Mishahara haikuja, unga wa kampuni haukuja, mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine. Kisha wanasiasa wakaanza kusema kwamba wanaotuletea njaa ni Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, na vijana wakapita mtaani kwetu Dilala nyumba kwa nyumba wakiwaamuru watu watoke, warudi kwao. Baba yangu, Mukendi, alikuwa Mkasai. Ndivyo walivyosema, lakini aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba ni babu yake. Baba alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaendesha mashine Kolwezi, akamzika mama yangu Kolwezi. Mama alikuwa mtu wa hapa hapa Katanga, upande wa kaskazini. Mimi sasa nilikuwa nani? Usinijibu haraka.

Mzungu mmoja mwenye kambi karibu na mto Lualaba alikuwa akifundisha vijana wachache kuongoza watalii. Watalii wenyewe hawakuwapo. Nani angekuja wakati ule? Basi tulipokezana, mmoja anaongoza na wengine wanakuwa watalii. Mwenzetu mmoja aliigiza vizuri mno, akilalamikia viatu na kuuliza kama kiboko anauma. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye ndipo nilipoona ajabu yake: tulikuwa tunajifunza kupokea wageni, na mjini wenyeji walikuwa wanafukuzwa.

Mwalimu wetu aliitwa tata Ngoy, tata kama tunavyomwita baba au mzee yeyote; zamani alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa maneno mengi aliyezungumza hata na miti. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mchezo. Anayeongoza haambiwi njia. Akikosea, wote wanamfuata na kunyamaza, mpaka yeye mwenyewe aseme amepotea. Tata Ngoy alikuja nyuma na bunduki yake, akiangalia.

Asubuhi ya mtihani wangu, lori la makala lilipita kambini likienda kupakia mkaa. Dereva alikuwa jirani yetu wa Dilala. Akaniita pembeni.

"Tata yako banamutosha mu nyumba," akasema. "Eko ku stesheni na benzake, bako nangoja treni. Na mujomba wako anasema weye ubakie huku mu pori, usionekane ku mji. Anasema uko mutoto wa mama yako, uko wetu."

"Treni inakuya lini?"

"Leo, kesho, hakuna mwenye anajua. Mi nitarudia na hii njia mangaribi."

Sikumwambia mtu. Nikachukua fimbo yangu, nikaongoza.

Kiangazi kilikuwa kinaisha na moto ulikuwa umepita kila mahali. Ardhi ilikuwa nyeusi, na vile vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba vilisimama wazi, kila kimoja sura moja na mwenzake. Kwenda tulikwenda salama, tukawaona viboko. Kurudi ndipo miguu yangu ilipotembea porini na kichwa kikabaki stesheni. Nibaki? Mjomba ananipenda, na mimi ni mtoto wa dada yake kweli. Niende? Baba hana mtu. Nikibaki, nitakuwa nimewaambia wale vijana kwamba wana haki. Nikienda, nitakuwa nimewaambia vilevile. Nilizunguka humo humo kichwani, na nilipoinua macho sikukitambua kichuguu kilichokuwa mbele yangu.

Ungefanya nini, wewe mwenye kofia? Mimi niligeuka, nikatabasamu, nikasema kwa Kifaransa chetu cha mafunzo kwamba mabibi na mabwana tumekaribia. Baada ya muda nikasema tena. Nikasimama kwenye mti mmoja nikaueleza, nikautungia hata sifa ya kuwa dawa ya tumbo. Mtalii wetu wa uongo aliacha kulalamikia viatu. Kisha tukakuta mavi ya nyati, mabichi kabisa, nzi wamejaa. Nikamsikia tata Ngoy akishusha bunduki begani. Nikaketi kwenye majivu, nikalia.

"Nimepotea, tata."

"Toka wapi?"

"Toka kitambo."

"Toka kitambo! Na weye uko natupatia dawa ya tumbo!" Akawaambia wengine wakae kimya karibu na kichuguu, naye akachuchumaa kando yangu, macho yake yakiwa vichakani. "Kupotea haiko mubaya. Hata mi napoteaka. Mubaya ni kutembeza batu na bongo mu kinywa, kubadanganya. Ungesema pa mwanzo, tungerudia kidogo tu. Sasa tuko katikati ya nyati."

Ndipo nikamwaga yote, stesheni, baba, maneno ya mjomba. Nikamwuliza niende au nibaki. Nilitaka aniamulie, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kuwa na kichwa changu mwenyewe.

Tata Ngoy akajikuna shingo. "Ile mi sijui."

"Lakini weye ni mukubwa, tata."

"Ni mukubwa, na sijui. Mu pori tunafanyaka namna gani? Tunarudiaka pale pa mwisho tulikuwa tunajua. Weye unajua nini, kabisa kabisa?"

Nikafikiri. "Najua tata eko ku stesheni, hana mutu wa kwake."

"Basi, anzia pale."

Tukafuata nyayo zetu wenyewe kwenye majivu, taratibu, mpaka kichuguu ninachokijua, na kutoka hapo nikawafikisha wote kambini. Jioni lori la makala likanichukua.

Stesheni ilikuwa imejaa magodoro, masufuria, cherehani na watoto wanaokohoa. Baba alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amevaa viatu vya kazi, kama anayesubiri zamu. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alisogea tu ili nipate pa kukaa. Kesho yake jioni akanigusa bega.

"Weye unasoma mambo ya pori. Kasai iko ngambo gani?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hatanii. Nikaangalia jua linapozama, nikanyoosha mkono kaskazini, ukielekea magharibi kidogo. Watu wote waliokuwa karibu wakageuka kuangalia kidole changu kinakoelekea, wazee kwa watoto. Kulikuwa na ukuta wa stesheni tu. Moyo uliniuma sana. Watu wanaambiwa warudi kwao, na hawajui kwao ni upande gani!

Treni ilichelewa siku nyingi, kisha ikaja. Nilipanda na baba. Usiniulize niliamua saa ngapi, maana nilikuwa nimemshikia sanduku, na sanduku likapanda. Treni ikaondoka, nayo ikashika mashariki. Mashariki, mwanangu! Kila aliyeona kidole changu siku ile akanigeukia.

"Ulituonyesha kule," baba akasema. "Juu ya nini tunaenda huku?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ningeweza kutunga habari za reli kama nilivyotunga dawa ya mti. Nikamkumbuka tata Ngoy.

"Sijui, tata."

Baba akanitazama, kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu watolewe nyumbani. "Toka banatufukuza, batu bote banajua. Banajua kwetu ni wapi. Banajua tuliiba nini. Banajua treni inakuya leo. Weye ni wa kwanza kusema haujui. Ikala chini hapa karibu na mi."

Reli iligeuka kaskazini huko mbele, baada ya Tenke, na mama mmoja akanifinya mkono akisema kumbe sikuwadanganya. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichohitaji.

Tulifika Mwene-Ditu, mji wa Kasai, na huko baba hakumfahamu mtu. Malaria ilimkuta tayari amechoka. Siku zake za mwisho aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kolwezi iko ngambo gani?" Nikamwonyesha, kupitia mlangoni. Akaniomba nigeuze godoro ili aangalie kule. Nikaligeuza.

Miaka mingi baadaye nilirudi hapa Kolwezi. Watu huniuliza kama nilifanya vema kuondoka, na kama nilifanya vema kurudi. Sijui hata leo, na nimezeeka bila kujua. Ninachojua ni kwamba baba hakusafiri peke yake.

Basi shika hili kabla ya kofia. Siku utakayopotea, na utapotea, waambie unaowaongoza mapema, jua likiwa bado juu. Wataogopa kidogo, kisha watakusaidia kutazama. Usiwatembeze kwa tabasamu. Rudi nao mpaka kile cha mwisho unachokijua, hata kikiwa kidogo, muanzie hapo. Na mtu akikwambia kwa sauti kubwa kwamba anajua kwenu ni wapi, mwulize kwanza kama aliwahi kukuona ukizaliwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe pamoja na wote watakaokufuata nyuma. Akupe macho ya kuona nyati kabla nyati hajakuona. Na siku ukiulizwa kwenu ni upande gani, akujalie unyooshe mkono chini, hapo hapo ulipokanyaga, na asitokee mtu wa kukuambia uondoke.